Kiganja cha Heshima

Mwaka ulifika asubuhi, kwa sababu Kileleni walisema umefika. Watu wa Shingoni walikuwa bado wanapalilia mahindi ya mwaka uliotangulia, mahindi yenyewe hayajatoa hata mbelewele, lakini tarumbeta ilipolia huko juu waliweka majembe chini wakaanza kupeana mikono na kutakiana heri. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika nchi ile. Aliye mrefu ndiye aliyesema sasa ni saa ngapi. Akisema ni jioni, watu waliwasha taa jua likiwa utosini, na waliosinzia walisinzia kwelikweli. Msiwacheke. Na nyinyi mna saa mnazozifuata, na hamjapata kuuliza aliyezianzisha alikuwa amesimama wapi.

Sihaba alikuwa anafua. Alipoisikia tarumbeta aliikamua kanga iliyokuwa mikononi, akaianika, akaingia ndani kuutafuta wembe. Yeye ndiye mpimaji. Mama yake alikuwa mpimaji, na mama wa mama yake, na nyuma ya hapo hakuna aliyekumbuka. Mara nyingine, akiukodolea macho mkono wake wa kulia, alishindwa kujua kama ni yeye anayeutazama au ni mama yake anayemtazama yeye kutoka ndani ya ngozi. Mkono ulikuwa ule ule mmoja. Wanawake waliokuwa nyuma ya mkono ndio waliobadilika, wakipokezana kama watu wanaobeba jeneza. Aliupata wembe chini ya mto, akaunoa kwenye jiwe la uani, na machozi yakamtoka. Sababu aliijua. Siku ya kupima ndiyo siku pekee aliyoruhusiwa kumgusa mwanawe.

Shingoni kilikuwa kijiji kilichong'ang'ania mgongo mwembamba wa ardhi. Juu yake kulikuwa na mji wa Kileleni, chini yake mji wa Bondeni, na hakuna kilichopanda wala kushuka bila kukanyaga uani kwa mtu. Kileleni ndio uliokuwa mji mkubwa, na ulikuwa mkubwa tangu enzi ambazo hata wazee wa kutunga uongo hawakuzifikia. Bondeni zamani ilikuwa tope na vyura. Watu wa Kileleni walishuka huko siku za mapumziko kwenda kucheka. Halafu Bondeni wakaanza kuwashonea viatu. Wakawatengenezea sindano, na sahani, na vitasa vya milango, na sanda, na vile vijiti vya kuchokonolea meno baada ya kula na kucheka. Ikafika mahali mtu wa Kileleni hawezi kuzaliwa wala kuzikwa bila kitu kilichotoka Bondeni, na bado aliposimama dirishani kwake aliona vichwa tu huko chini, akaridhika.

Maana urefu ni nini? Sihaba alijiuliza swali hilo tangu utotoni na hakuna aliyemjibu bila kumpiga. Mti ulio peke yake nyikani si mrefu wala si mfupi, ni mti. Aliye juu anamhitaji aliye chini kuliko aliye chini anavyomhitaji yeye, kwa hiyo aliye juu halali. Hukesha akisikiliza kama wa chini amejinyoosha. Na wa chini naye hataki kushusha yeyote, hataki kuvunja ngazi, anataka kupanda tu na kusimama pale pale aliposimama mwenzake, na kutazama vichwa vile vile. Ulimwengu mzima umechinjana kwa ajili ya dirisha moja. Hayo Sihaba aliyawaza, na hakumwambia mtu.

Wacha niseme kazi ya kupima ilivyo, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kila mji una mbebaji wake, mtu mmoja anayebeba urefu wa mji wote katika mifupa yake. Mji ukinenepa, mbebaji hurefuka. Siku ya mwaka, wabebaji wawili husimama juu ya jiwe bapa la Shingoni, wamepeana migongo, visogo vimegusana, warefu kuliko mlango wowote. Mpimaji hupanda jukwaa, akalaza kiganja juu ya tosi zote mbili, kifundo cha mkono upande wa Kileleni na vidole upande wa Bondeni. Juu ya mgongo wa mkono huwekwa kisahani kilichojaa maji mpaka ukingoni. Mpimaji hasemi neno. Maji ndiyo husema, yanammwagikia aliye mfupi, na wajumbe wa miji yote miwili wanayatazama kwa macho yao. Kabla ya hapo mpimaji huwanyoa wote wawili upara, kwa kuwa zamani kuna mji ulioficha urefu ndani ya nywele.

Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Hakuna mji unaomtoa mtoto wake awe mbebaji, kwa sababu kubeba kunauma. Fahari ni ya miji, lakini mifupa ya kuibebea huazimwa Shingoni. Mwatumu, binti yake Sihaba, alichukuliwa na Bondeni akiwa bado ananyonya. Walikuja watu wa adabu sana, wamevaa viatu vipya, wakaacha gunia la sukari mlangoni. Sukari ile Sihaba aliimwaga kisimani, na kijiji kizima kikanywa maji matamu siku nyingi na kumshukuru.

Alitoka na wembe wake akashika njia ya jiweni. Njia ile ilikuwa imepangwa vichwa pande zote mbili. Hao walikuwa wabebaji wa miji ya zamani, miji iliyowahi kurefuka kuliko Kileleni kwa kiasi cha kope, na sheria ya Kileleni ilikuwa moja tu kwa jambo hilo: aliyezidi husawazishwa. Huchimbiwa shimo chini ya nyayo, akashushwa akiwa wima mpaka alingane na wenzake. Wachimbaji hawakuwahi kupima. Walichimba mpaka wachoke, na walipochoka palibaki utosi tu juu ya ardhi, umeng'aa kwa kukaliwa na wasafiri wanaofunga kamba za viatu. Baadhi yao walikuwa bado wanapumua. Sihaba alipita akisema samahani, samahani, kama anavyopita mtu katikati ya watu waliolala. Mmoja alinong'ona kutoka chini kwamba mji wake ulikuwa na meli nyingi. Sihaba akamwambia ndiyo, tumesikia.

Hema la Kileleni lilikuwa upande wa juu. Humo alimkuta Mzee Vuai, mbebaji wa mji ule, ambaye naye alizaliwa Shingoni, siku ambazo jua lilikuwa bado linatua lenyewe. Alikuwa amesimama. Mzee Vuai hakuwahi kuketi. Ndani ya kanzu yake kulikuwa na vyuma vilivyofungwa kwenye mapaja, kiunoni na chini ya kidevu, na wanaume waliokaza skrubu zake walikuwa wakila uji pembeni bila kumtazama. Sihaba alipanda kwenye kiti kirefu, akamwamkia shikamoo, na mzee akaitika marahaba kwa kidevu kisichofunguka vizuri.

Alimnyoa polepole. Nywele zenyewe zilikuwa chache. Mzee akaanza kumweleza, kwa sauti ya chini, kwamba kila anapoamka anakuwa amepungua. Si ugonjwa. Ni vile tu mji umechoka na haujui, na uchovu wote unamshukia yeye mgongoni, na wale jamaa wa skrubu wanakaza, na yeye anapungua ndani ya vyuma kama mtu anayezama ndani ya nguo za kaka yake. Akasema anaukumbuka uji wa mama yake, na kwamba ulikuwa ukimwagikia upande mmoja wa bakuli.

"Shimo limeshachimbwa, mwanangu," akasema. "Mwaka huu hawakungoja. Maji yakimwangukia binti yako, watalifukia, wamekula kiapo. Yakiniangukia mimi, ataingia kabla hayajakauka."

Sihaba aliuliza kwa nini wameharakisha, kwani Bondeni haijasema inataka vita.

"Hawamwogopi alivyo leo. Wanaogopa atakavyokuwa kesho, na mimi nitakavyokuwa." Akameza mate kwa shida. "Amenizidi siku nyingi yule. Upepo ukivuma unampiga yeye utosini, mimi unanipita. Unajua wewe. Mkono wako unajua."

Alijua. Nao wasomaji wajue sasa. Mkono wa wapimaji wa Shingoni haukuwa umenyooka. Zamani sana, mpimaji mmoja mwenye heshima au mwenye woga, na tofauti yake ni ndogo, aliinua kifundo cha mkono kidogo upande wa Kileleni ili maji yasiteleze kumkosea adabu mkubwa. Akamfundisha binti yake. Binti akamfundisha wake. Watoto wa ukoo ule walilala na mkono wa kulia umefungwa juu ya kabari ya mti mpaka mifupa ikashika mwinamo ule, na mwinamo ukaitwa kiganja cha heshima, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba ni mwinamo. Kijiji kilijenga kila kitu kwa kupima na mkono ule. Meza za Shingoni zimelala upande mmoja, vitanda vimelala, vizingiti vimelala, uji unamwagikia upande ule ule na anayekaa upande huo hachukii. Mgeni akija na meza iliyonyooka wanamwonea huruma.

Sihaba peke yake aligundua, na aligundua kwa kuteseka. Mwaka alioanza kumpima mwanawe, utosi wa mtoto ulimgusa vidole kabla wa mzee haujagusa kifundo, na bado maji yalimwagikia kwa mtoto. Usiku wote hakulala. Akaelewa kwamba amani yote ya dunia, masoko yote, harusi zote, mahindi yote yaliyopata kuiva, vimekaa juu ya mfupa wake uliopinda. Akafurahi. Alifurahi mno, kwa sababu uongo ule ulimkinga Mwatumu na shimo, na tangu hapo kila mwaka aliinua kifundo zaidi, kwa makusudi, akamshukuru yule bibi mwoga wa kale.

Alishuka kwenye kiti, akafuta wembe, akaenda hema la upande wa chini. Mlangoni alisimama Bi Kidawa, mjumbe wa Bondeni, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akitafuna karanga. Alimkaribisha Sihaba vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, akamwonjesha karanga. Kisha, bila kubadilisha sauti, akamwambia kwamba wavutaji wao, wale wanaomnyoosha mbebaji kwa kamba, wamemhakikishia kuwa bado upo mzunguko mmoja kwenye kamba. Uti wa mgongo umefika mwisho, hilo wanalijua, lakini maji yakimwangukia tena mbebaji wao watauvuta huo mzunguko, na mwingine baada yake ukipatikana, mpaka maji yakiri. Bondeni haina ugomvi na mtu, alisema. Bondeni inataka tu kuonekana ilivyo.

Ndani, Mwatumu alikuwa amelazwa juu ya ubao mrefu ili wamfungue kamba. Vifundo vya miguu vilikuwa vimechubuka mpaka vikawa na ngozi ya rangi nyingine. Alikuwa msichana mzuri, tuseme ukweli, mzuri kwa namna ya kitu kilichonyooshwa mpaka kikaanza kupitisha mwanga. Sihaba alipiga magoti kichwani pake akaanza kumnyoa. Kila mwaka alifanya hivyo bila kusema yeye ni nani, kwa kuwa hilo lilikatazwa, na kila mwaka aliuchelewesha wembe. Alikijua kichwa kile kuliko alivyoijua nyumba yake. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kibonyeo alichokuwa akikibusu.

Akanong'ona. Alimwambia kwamba mwaka huu, wakati wa kusimama, apinde magoti. Kidogo tu, ndani ya kanzu, hakuna atakayeona. Maji yatamwagika mengi, kwa kishindo, na wa Bondeni wataona kwamba wamebaki nyuma mno, watakata tamaa ya kuvuta, watamtupa na kutafuta mwingine, naye atakuwa huru kurudi nyumbani. Aliyapanga maneno hayo mwaka mzima. Yalikuwa yamelainika kwa kurudiwa.

Mwatumu alimtazama kutoka chini, uso umepinduka, macho mahali pa kinywa.

"Najua wewe ni nani," akasema. "Nilijua zamani, kwa mkono."

Sihaba aliusimamisha wembe.

"Kila mwaka maji yananimwagikia usoni. Kila mwaka nasikia nimemzidi yule mzee, nasikia kabisa, na maji yananimwagikia mimi. Halafu wananirudisha wananivuta. Unafikiri wananivuta kwa nini? Kwa sababu ya mkono wako."

Sihaba alisema ulikuwa wa kumkinga. Alisema neno shimo. Alisema vichwa njiani, ameviona?

"Nimevikalia," Mwatumu akasema. "Nisikilize. Umenivuta wewe kuliko wao. Na sasa unataka nipinde magoti. Nikipinda, uchungu wote ule ulikuwa wa nini? Nipe siku moja. Laza mkono umenyooka, niwe mrefu siku moja mbele ya watu, halafu wachimbe wapendavyo."

Wembe ulikuwa umesimama juu ya utosi. Nitawaambia alichohisi Sihaba, maana hakukificha. Alimchukia mwanawe. Kwa muda wa pumzi moja alimchukia kama anavyochukiwa mtu anayesema kweli, na akaona jinsi ilivyo rahisi mkono kuteleza. Kisha pumzi ikapita, akamaliza kunyoa, akakibusu kile kibonyeo nyuma ya sikio. Mwatumu alikunja uso, kwa kuwa ngozi yote ilimuuma.

Wakasimamishwa jiweni. Watu wa miji miwili walijaa kila upande, wa Kileleni wamekaa juu ya vitambaa, wa Bondeni wamesimama kwa vidole vya miguu kwa mazoea. Shimo lilikuwa pale pale kando ya jiwe, limefunikwa mkeka mzuri wa rangi, na Bwana Nassibu, mjumbe wa Kileleni, mtu mpole asiyepandisha sauti kamwe, aliwaomba watu wasiukanyage mkeka. Sihaba alipanda jukwaa. Jua lilikuwa utosini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametangaza ni saa ngapi, lilibaki hapo.

Akalaza mkono. Utosi wa mzee, baridi. Utosi wa mwana, moto. Kisahani kikawekwa.

Nikiinua kifundo, kamba. Nikikilaza, shimo. Nikiinua, atakufa polepole kule nisikoona, nikilaza, atakufa hapa akifurahi. Nani alisema mama huchagua? Mama hupewa viwili akaulizwa kipi, na wanakiita hicho kuchagua. Mkono huu si wangu. Mkono huu ni wa bibi mmoja aliyeogopa. Ungekuwa jasiri, bibi, siku ile ya kwanza, wangechimba siku ile, wangemchimbia mtoto wa mtu mwingine, na leo ningekuwa nafua. Nakuchukia na wewe, bibi. Nawachukia wote waliowahi kuwa warefu. Tosi mbili, moja baridi, moja moto, na kati yao mfupa wangu, na huu ndio ulimwengu, hakuna mwingine. Kama kamba ipo huku na shimo liko huku, basi katikati pana nini? Pana upana gani? Mtu anaweza kusimama?

Akakishusha kifundo kwa kiasi cha unywele. Maji yakaanza kuelekea kwa mzee. Akakiinua nusu ya unywele. Maji yakarudi, yakavimba ukingoni upande wa Mwatumu, yakasita. Mfupa uliokuwa umepinda tangu utoto ulilia ndani ya nyama, na jasho likamtiririka machoni, na yeye hakupepesa. Maji yakatulia. Hayakwenda huku, hayakwenda kule. Yalikaa ndani ya kisahani kama yapo nyumbani kwao.

Watu walingoja. Hawakujua wanangoja nini, maana jambo lile halikuwa na jina. Walijua kuwa juu, walijua kuwa chini, walijua hata kufa. Kulingana hawakuwahi kukuona. Mtu mmoja wa Kileleni alitapika juu ya kitambaa chake. Upande wa Bondeni wakaanza kutazamana viatu.

Bwana Nassibu na Bi Kidawa waliondoka wakaenda kusimama pamoja nyuma ya jukwaa, karibu sana na Sihaba, hata akasikia kila neno. Mwanzoni walizungumza kwa ukali. Kisha Bi Kidawa akatoa karanga, na Bwana Nassibu akachukua. Alikubali kwamba mzee wao amechoka na kwamba mwaka mwingine aibu isingefichika. Naye Bi Kidawa alikubali kwamba kupigana kungeharibu wateja. Wakaona kumbe wanaelewana. Nusu ya saa za siku iwe ya Kileleni, nusu ya Bondeni: asubuhi itangazwe na mmoja, jioni na mwingine. Na Shingoni, je? Shingoni ikatwe katikati, nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda. Bwana Nassibu akasema hiyo ni haki. Walipocheka, walicheka kwa sauti moja, na Sihaba, mkono wake bado juu ya vichwa, alicheka nao bila kujijua, kwa kuwa alisikia mwanawe amepona.

Bwana Nassibu alitangaza usawa. Alitamka neno lile kwa tahadhari, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini, na watu wakapiga makofi. Mkeka ukakunjwa. Wachimbaji wakaanza kulifukia shimo. Mwatumu hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele, na Sihaba hakuweza kuuona uso.

Mzee Vuai naye alisikia neno usawa, na akaelewa kwamba hahitajiwi tena kuwa mrefu kuliko yeyote. Alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya miaka yote, ilitoka ndefu, na vyuma vikalegea, na mzee akapungua. Si sana. Alipungua unene wa kidole, machozi ya raha yakimtoka. Maji yakamtiririkia shingoni.

Makofi yakakoma.

Bwana Nassibu aliyatazama maji kwa huzuni ya kweli. Akasema usawa ni kitu cha kulindwa, la sivyo tutarudi tulikotoka. Bi Kidawa aliuliza kama mzee anaweza kuvutwa. Wale wa skrubu walitikisa vichwa: huyu akikazwa tena atavunjika, na ataendelea kupungua, leo kidole, mwezi ujao kidole. Basi, akasema Bi Kidawa, yule mwingine apunguzwe kadiri huyu anavyopungua. Alisema bila chuki yoyote. Bwana Nassibu alishangaa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama Bondeni haitaona uchungu.

"Uchungu wa nini, Bwana Nassibu? Mifupa si yetu." Akapangusa maganda ya karanga kifuani. "Na tunaye mwingine nyumbani, mdogo, ameanza kuvutwa. Naye ni wa hapa hapa. Atakapokuwa tayari tutazungumza upya."

Bwana Nassibu alicheka kidogo, akasema nao wanao wawili.

Ikabaki kuulizana nani apunguze. Kileleni ikifanya, Bondeni itasema imekata zaidi. Bondeni ikifanya, itakata pungufu. Wote wawili wakamtazama Sihaba, na nyuso zao zilikuwa zimejaa shukrani. Nani mwingine anayeaminiwa na pande zote? Nani mwenye mkono kama ule? Fundi wa jukwaa aliombwa msumeno wake, naye aliufuta vumbi la mbao kwa kanga ya mke wake kabla ya kuutoa.

Sihaba alishuka. Aliwaambia hapana. Aliwaambia mara nyingi, kwa maneno mengine na mengine, mpaka akasikia kwamba wachimbaji wameacha kufukia na wanangoja, koleo mabegani, waambiwe kama wachimbue upya. Akaupokea msumeno. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Mwatumu aliketi mwenyewe juu ya jiwe. Alivuta kanzu mpaka magotini, akaitazama miguu yake mirefu iliyochubuka vifundoni, ile miguu aliyonunuliwa kwayo urefu, kipande kwa kipande, kila mwaka. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kuwa mrefu kwa muda wa kushusha pumzi moja ya mzee, mbele ya watu wote, na aliyeyasikia maji yakienda kwa mwenzake.

"Anzia miguuni, mama," alisema. "Kichwa uniachie."

Hakuwahi kumwita mama. Sihaba alipiga magoti, akaweka kidole chake kimoja juu ya unyayo wa mwanawe, akapima. Akapima tena, kwa uangalifu, asije akakata pungufu ikabidi arudie.